Wagonjwa wawili wa muuguzi wa Kacyiru

Rwanda imepiga hatua kubwa katika kutuliza maumivu ya wanaokufa. Anayebaki hai pembeni mwa kitanda bado hana faili, wala siku ya kurudi hospitali.

Kacyiru, jijini Kigali, ni kilima cha ofisi. Ikulu ya Urugwiro iko huku, makao makuu ya polisi yako huku, wizara na balozi kadhaa pia, na kila asubuhi ya kazi pikipiki za abiria hupandisha watu wenye bahasha kwapani na vitambulisho shingoni. Katikati ya shughuli hizo zimekaa hospitali mbili. Moja ni King Faisal, hospitali ya rufaa iliyojengwa kwa fedha za Saudi Arabia. Nyingine ni Hospitali ya Wilaya ya Kacyiru, iliyokuwa ya polisi, ambako mwaka 2009 kilianzishwa kituo cha Isange kinachowapokea waathirika wa ukatili wa kijinsia.

Watu huja huku kupona, na wengi hupona. Lakini hakuna hospitali ya rufaa isiyo na wagonjwa ambao rufaa yao imefika mwisho: saratani iliyokwisha kusambaa, ini lililokauka, moyo ambao hakuna dawa inayoweza tena kuusukuma. Siku daktari anapowaita ndugu kando na kuwaambia kwamba hakuna upasuaji mwingine wala dripu nyingine itakayogeuza mambo, kazi yake kwa sehemu kubwa imekwisha. Kazi ya muuguzi ndiyo kwanza inaanza.

Kazi hiyo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa. Wengi wanaijua nusu yake ya kwanza, ya kumpunguzia anayekufa maumivu. Nusu ya pili inamhusu mtu ambaye hakulazwa, hapimwi joto wala shinikizo la damu, na ambaye siku mgonjwa wake akifa, hospitali humwonyesha dirisha la malipo na njia ya mochwari.

Anayekaa pembeni

Katika hospitali za Rwanda, kama zilivyo za Burundi na Kongo, mgonjwa halazwi peke yake. Anakuja na mtu wake. Wanyarwanda humwita umurwaza, naye anaweza kuwa mke, mama mzazi, shemeji, au binti aliyeomba ruhusa kazini ya siku tatu na sasa anaingia wiki ya tatu. Ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha, anayefua nguo zake na kuzianika, anayekwenda duka la dawa na cheti mkononi, anayemwita muuguzi dripu ikiisha. Usiku hutandika mkeka au kitenge sakafuni, au husinzia ameketi, kichwa kimeegemea ukingo wa godoro.

Chakula chake ni cha kubahatisha. Asiye na ndugu mjini wa kumletea hotpoti hugawana na mgonjwa sahani moja, naye mgonjwa mara nyingi hana hata hiyo sahani. Ni njaa ya wodini iliyomfanya Isabelle Kamariza aanzishe Solid'Africa mwaka 2010, shirika linalopika na kugawa chakula kwa wagonjwa wasiojiweza katika hospitali za umma.

Daktari humwona umurwaza kwa dakika chache asubuhi anapopita kitanda kwa kitanda. Muuguzi wa zamu humwona mchana kutwa na usiku kucha. Anajua nani hajala tangu jana, nani anaogopa kumgusa mgonjwa aliyekonda, nani ana ugomvi na wifi yake kuhusu shamba, nani hujifanya jasiri wodini kisha akaenda kulia kwenye ngazi. Hakuna fomu inayomtaka aandike hayo, lakini bila kuyajua hawezi kumhudumia hata huyo mgonjwa mwenyewe.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyeasisi hospisi za siku hizi, alianza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's kusini mwa London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu nne: mwili, nafsi, maisha yake na watu, na roho. Mzee anayelalamika mgongo usiku kucha, huku kila dawa ikishindwa, huenda kinachomkosesha usingizi ni deni asilomwambia mkewe. Mafundisho hayo yaliingia Afrika kupitia Island Hospice ya Zimbabwe mwaka 1979, Nairobi Hospice mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mwaka 2004 Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, APCA, kilianzishwa Arusha.

Ulaya ilibidi ijifunze upya kuwarudisha ndugu kitandani kwa mgonjwa. Huku kwetu hawakuwahi kuondoka. Tulichokosa ni dawa.

Chupa ya mofini

Mtu anayepiga kelele kwa maumivu haagi mtu, hasali, wala hamwambii mwanawe hati ya kiwanja iliko. Ndiyo maana tiba shufaa huanza na mofini.

Kwa miaka mingi mofini ilikuwa dawa iliyotajwa vitabuni na kukosekana kabatini. Madaktari walikuwa na hofu tatu: mgonjwa atakuwa mraibu, mgonjwa ataacha kupumua, polisi watauliza maswali. Wauguzi walirithi hofu hizo. Mwaka 2017 Tume ya jarida la Lancet kuhusu tiba shufaa ilikadiria kwamba watu milioni 61 kwa mwaka hupata mateso makali yanayotokana na ugonjwa, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilikuwa zikipata tani 0.1. Hizo ni kilo 100 za kugawana.

Jirani aliyevunja ukuta huo ni Uganda. Dk. Anne Merriman, daktari kutoka Liverpool aliyeanzisha Hospice Africa Uganda, alikuja na njia rahisi: unga wa mofini unachanganywa na maji na kihifadhi, kisha unatiwa rangi ili mtu asichanganye dawa kali na nyepesi. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa wilaya nyingi zilikuwa na muuguzi lakini hazikuwa na daktari.

Rwanda ilijifunza kwa jirani. Mwaka 2011 ilipitisha sera ya taifa ya tiba shufaa, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuwa na sera ya aina hiyo inayojitegemea. Kufikia katikati ya muongo huo ilikuwa ikitengeneza mofini ya maji nchini. Mmoja wa waliopigania mabadiliko hayo ni Dk. Christian Ntizimira, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Kibagabaga, iliyo Gasabo, wilaya ile ile ya Kacyiru, na ambaye baadaye alianzisha Kigali kituo cha Kiafrika cha utafiti wa huduma za mwisho wa maisha. Septemba 2019 mkutano wa APCA wa bara zima ulifanyika Kigali.

Sera hizo zote huishia kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Muuguzi anaiweka chupa penye mwanga. Anachukua bomba lililotolewa sindano, anavuta dawa hadi kwenye mstari alioandikiwa mgonjwa, anagonga kwa ukucha mapovu yapande, anasukuma ziada irudi ndani ya chupa. Kisha anammiminia umurwaza maji kwenye kikombe na kumpa bomba lile. Ajaribu mwenyewe. Akivuka mstari, anarudia. Mkono ukitetemeka, anarudia. Hawaachani mpaka apatie mara kadhaa mfululizo bila kushikwa mkono, kwa sababu kesho kutwa watakuwa nyumbani, huenda umeme umekatika, na hakutakuwa na kengele ya kumwita mtu.

Ratiba ya dawa ni kila baada ya saa nne. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku hutolewa dozi mbili kwa mpigo ili ya saa nane za usiku irukwe. Lengo ni mgonjwa alale hadi alfajiri, na anayemuuguza alale pia. Pamoja na mofini huenda dawa ya kulainisha choo, tangu siku ya kwanza, kwani mofini hufunga choo na choo kigumu kinaweza kumtesa mgonjwa kuliko uvimbe wenyewe. Hofu ya uraibu hujibiwa hapo hapo: dozi hupanda polepole kufuata maumivu, na mgonjwa wa saratani anayemeza mofini kwa saa anaimeza apate kukaa, kula kidogo na kuzungumza na wanawe.

Hapo ndipo Rwanda ilipofanya jambo la ujasiri. Ilichukua dawa inayoogopwa kuliko zote na kumkabidhi mke, binti, au jirani. Na ilipoikabidhi, ilikabidhi pia swali ambalo tutalirudia mbele.

Mgonjwa anapokataa uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, anapewa. Kwa mgonjwa wa malaria ni busara. Kwa anayekufa, ushauri huo huleta vita wodini.

Siku au wiki chache kabla ya kifo, hamu ya chakula huondoka. Kwa familia hakuna dalili inayotisha zaidi ya hiyo. Mama mkwe anakuja na chupa ya chai ya maziwa, dada anakuja na mchuzi wa samaki, na kila mmoja anajaribu kijiko kimoja tu, jamani kimoja tu. Chakula kinampalia mgonjwa, kinaingia kwenye mapafu, anakohoa hadi anachoka. Kisha ndugu wanadai dripu, kwa kuwa mtu hawezi kuachwa afe njaa.

Muuguzi mzoefu habishani. Anavuta kiti. Anaeleza kwamba mwili unaojifunga hauhitaji tena chakula kama zamani, na kwamba maji ya dripu kwa mwili wa namna hiyo yanaweza kuishia kuvimbisha miguu na kujaa kifuani. Kisha anafanya jambo ambalo halimo kwenye cheti cha daktari: anampa mama mkwe kazi. Anamletea kipande cha shashi safi na maji ya kunywa, anamwonyesha namna ya kulowesha midomo, kupangusa ulimi taratibu, kumpaka mgonjwa mafuta midomo isipasuke. Kila nusu saa, au kila anapoona pamekauka. Mikono iliyokuja na kijiko haiondoki mitupu.

Saa za mwisho zina mambo yake, na asiyeambiwa mapema huyaona kuwa ni mateso. Pumzi huja kwa kasi, husimama, kisha hurudi wakati watu wamekwisha anza kulia. Koo hukoroma kwa sababu mgonjwa hana tena nguvu ya kumeza mate; kumlaza ubavu husaidia. Vidole hupoa na kubadilika rangi. Mgonjwa anaweza kuwa haitiki, lakini muuguzi huwahimiza ndugu waendelee kusema naye, na huwaonya wasijadili gharama za jeneza mbele yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa hospisi wasioitika tena bado uliitikia sauti saa chache kabla ya kifo.

Dini nayo ina ratiba yake. Mkatoliki atataka padri na mpako wa wagonjwa wakati bado ana fahamu. Waadventista watakuja na wazee wa kanisa na nyimbo, na muuguzi atawatafutia kona ambako hawatamwamsha jirani aliyetoka upasuaji. Mwislamu wa Biryogo au Nyamirambo ataelekezwa kibla na kukumbushwa shahada sikioni. Akikata roho, macho yatafumbwa, taya itafungwa kwa kitambaa, viungo vitanyooshwa, na nduguze watataka mwili mapema wazike siku hiyo hiyo. Muuguzi anayeyajua hayo huanza kuulizia karatasi za kibali mapema, ili familia isilale nje ya mochwari ikisubiri sahihi. Na King Faisal hupokea wagonjwa kutoka nje ya mipaka. Mgonjwa wa Goma, Bukavu au Bujumbura mara nyingi huzungumza Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda pia, na habari nzito humfikia vizuri zaidi akisikia lugha anayoizoea.

Kisha kuna ombi la kila wiki: "Sista, tafadhali msimwambie." Familia inajua, daktari anajua, mgonjwa hajui, au anajifanya hajui ili kuwalinda hao wanaojifanya hawajui. Vitabu vya Ulaya na Marekani husisitiza haki ya mgonjwa mmoja mmoja kuamua. Dk. Ntizimira amekuwa akisisitiza kwamba huduma ya mwisho wa maisha barani Afrika haiwezi kumtenga mgonjwa na watu wake, kwani uamuzi mzito huku hufanywa na ukoo. Njia ya kati ambayo wauguzi wengi huifuata ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe, mkiwa wawili: "Mama, majibu yakija, ungependa nikueleze wewe yote, au niyapeleke kwa mtu wako?" Wapo wanaosema waambie wanangu. Wapo wanaojibu kwamba wanajua, wanachotaka kujua ni kama watafika Krismasi.

Fomu yenye mstari wa "ndugu wa karibu"

Kote duniani tiba shufaa imejengwa juu ya dhana kwamba mgonjwa ana jamaa. Rwanda ni nchi ambayo mwaka 1994 jamaa waliuawa, wengine ukoo mzima.

Kilima hiki kina kumbukumbu zake. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, King Faisal ilikuwa kimbilio la maelfu ya watu, na madaktari wa shirika la MSF (Madaktari Wasio na Mipaka), akiwemo Mkanada James Orbinski, walipasua majeruhi humo huku mabomu yakianguka. Ukivuka bonde kutoka Kacyiru unafika Gisozi, penye makumbusho ya mauaji hayo, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mgonjwa wa miaka 65 anayelazwa leo alikuwa kijana mwenye nguvu wakati ule. Muuguzi anapofika kwenye mstari wa fomu unaouliza ndugu wa karibu, huuliza kwa uangalifu, pengine hungoja hadi siku ya pili.

Nchi ilibidi itengeneze jamaa wapya. Wanafunzi walionusurika walianzisha chama cha AERG mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare, wakajigawa katika familia, mmoja akiwa baba, mwingine mama, wengine watoto, japo wote walikuwa vijana. Familia hizo huozesha, huhudhuria mahafali, huuguza na huzika. Wazee waliopoteza watoto wote, ambao siku hizi huitwa intwaza, baadhi yao wanatunzwa katika nyumba za Impinganzima, zilizojengwa kwa juhudi za Unity Club, taasisi inayoongozwa na mke wa Rais, Jeannette Kagame. Kwa mtu wa namna hiyo umurwaza anaweza kuwa "mwana" asiye wa damu, jirani wa umudugudu (kijiji), au muumini mwenzake. Hospitali inayotambua undugu wa damu pekee itamfukuza mlangoni mtu pekee ambaye mgonjwa anamtaka.

Aprili ina uzito wake. Kuanzia tarehe 7, wiki ya maombolezo ya Kwibuka inapoanza, redio na televisheni hutangaza kumbukumbu, na wodini huweza kuonekana maumivu yanayopanda ghafla, usingizi unaokatika, mtu anayeanza kupiga kelele akiona yasiyokuwepo. Wanyarwanda huliita ihahamuka, mshtuko wa nafsi unaorudi, na wahudumu wengi wamefunzwa kulitambua. Kuna jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Kufa kitandani, umeshikwa mkono, na kuacha mwili wa kuzikwa, ni jambo ambalo ndugu wa wengi waliomo humu hawakulipata. Anayelia leo kwa ajili ya mumewe aliyekufa kwa saratani huenda anawalilia pia kaka ambao hadi sasa hajui walilala wapi. Asiyejua historia yake atadhani amezidisha.

Baada ya ikiriyo

Mtu akishazikwa, Wanyarwanda hukaa ikiriyo. Majirani hufurika, viti hukodishwa, vinywaji huletwa, moto huwashwa usiku, na mfiwa haachwi peke yake. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi wiki moja, hufanywa ibada au kikao cha kuhitimisha: watu wanashukuriwa, madeni ya marehemu yanatajwa hadharani, na kazi zinarudi. Msomaji wa Tanga au Mombasa atauona humo undugu na matanga na arobaini zetu. Ni utaratibu wenye hekima, na hakuna hospitali itakayoweza kuushinda.

Lakini kuna jambo ambalo majirani hawawezi kulifanya.

Mwanamke aliyekuwa akimpa mumewe mofini alimpa dozi ya saa nne usiku. Alfajiri akamkuta amekufa. Wageni wanampa pole, wanamwambia ajikaze, wanamkumbusha kwamba ni mapenzi ya Mungu. Yeye anajiuliza kama ni yeye aliyemuua. Anajiuliza kama alivuka mstari kwenye bomba. Anajiuliza pia kama, badala ya kukubali kumrudisha nyumbani, angeng'ang'ania wodini. Hawezi kuyauliza hayo mbele ya wakwe. Na hata angeyauliza, padri hana jibu, sheikh hana jibu, wala mwenyekiti wa mtaa. Anayelijua jibu ni muuguzi aliyemfundisha kuvuta dawa: kwamba dozi ile ilikuwa sawa na ya siku zote, kwamba mume alikuwa amekwisha anza kuondoka tangu juzi yake, kwamba alichofanya mkewe ni kumpa usiku usio na maumivu.

Jibu hilo ni la dakika kumi. Asipolipata, swali linaweza kumtafuna miaka.

Kilio huanzia kwa mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini pia hubaki kwa mfiwa wa mbali wakishaondoka. Hospitali ilikuwa pamoja na mtu huyu kwa wiki nyingi. Ilijua jina lake, ilijua anakunywa chai bila sukari, ilimfundisha kazi ya kitabibu. Siku ya kifo ilimpa bili na mwili, na mawasiliano yakaishia hapo. Kadiri huduma inavyohamia nyumbani, na ni vizuri ihamie, ndivyo wanafamilia wanavyofanya kazi ambazo zamani zilikuwa za muuguzi, na ndivyo wanavyobaki na maswali ambayo zamani yangekuwa ya muuguzi.

Hili si dai jipya. Shirika la Afya Duniani, linapoeleza tiba shufaa ni nini, hutaja kuisaidia familia wakati wa ugonjwa na katika msiba wake pia. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilizitaka nchi wanachama ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Nusu ya kwanza ya ahadi hiyo inapimika kwa chupa na mililita. Nusu ya pili haina chombo cha kuipima, na kisichopimwa husahaulika wakati wa kupanga bajeti.

Kinachowezekana

Nchi chache zina nafasi nzuri ya kuitimiza nusu hiyo kama Rwanda. Kila umudugudu una abajyanama, wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, ambao tayari hupita majumbani kufuatilia wajawazito na homa za watoto. Hospitali za wilaya zina wauguzi wa afya ya akili, na anayezidiwa anaweza kupewa rufaa hadi Ndera, hospitali kongwe ya magonjwa ya akili ya Kigali. Taifa zima limejifunza, kwa gharama isiyosemeka, kwamba huzuni isiyotunzwa hurudi. Kila Aprili wahudumu wa ushauri nasaha na watu wa kujitolea husambazwa kwenye maeneo ya kumbukumbu kuwashika wanaoanguka. Kwa msiba wa halaiki, Rwanda ina mfumo. Kwa mjane wa saratani, ina majirani.

Kuunganisha vitu hivyo hakuhitaji wizara mpya. Umurwaza aandikwe kwenye faili tangu siku ya kwanza, awe wa damu au wa hiari. Wiki moja baada ya mazishi, ikiriyo ikishaondoka na nyumba imenyamaza, muuguzi anayemfahamu ampigie simu na aanze na swali la wazi: kuna jambo lolote kuhusu siku zile za mwisho linalokusumbua? Baada ya mwezi au miwili umujyanama wa eneo apite aulize kuhusu usingizi, chakula, ada ya watoto, kuona kama mtu ameacha kutoka nje. Wengi watasema wanaendelea vizuri na itakuwa kweli. Wachache watahitaji zaidi, na hao ndio wanaopotea sasa.

Wauguzi nao wanafiwa. Kitanda cha aliyekufa asubuhi hutandikwa upya na kupata mgonjwa mwingine kabla ya chakula cha mchana, na muuguzi yule yule huingia akitabasamu. Wapo wanaozima hisia ili wamudu zamu, na aliyezima hisia hawezi kumwona mama aliyejiinamia kwenye ngazi. Dakika chache za timu kukaa pamoja baada ya kifo kigumu, kila mmoja akasema kilichomgusa, zinaonekana anasa wodi ikiwa na upungufu wa watu. Wodi hiyo ndiyo inayozihitaji zaidi.

Pingamizi litakuwa lile la kila siku: nani atalipa? Bima huhesabu kipimo, dawa na siku ya kitanda. Mazungumzo na mfiwa ni vigumu kuyapangia bei. Mofini nayo ilipingwa kwa hoja za namna hiyo, pamoja na nyingine nzito zaidi, za sheria na za uraibu, na zote zilijibiwa. Hatua iliyobaki ni ndogo kuliko ile. Haihitaji kiwanda wala unga wa kuagizwa kutoka nje. Inahitaji jina na namba ya simu ya umurwaza kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, muda wa maongezi kwenye simu ya wodi, na saa moja ya wiki kwenye ratiba ya muuguzi iliyoandikwa kuwa ni kazi, ili asiifanye kwa kujiiba. Mkuu wa hospitali yeyote, Kacyiru, Muhimbili au Kisumu, anaweza kuliamua hilo Jumatatu bila kusubiri sera nyingine.